Kiboko Aliyekalia Kisima cha Dunda

Wenzangu mnaobaki kwenye meza ya chapa, mmenitaka niwaandikie niliyojifunza katika kazi ya kuchonga vibao kabla sijayasahau. Sitayasahau. Nina miaka ishirini na miwili, na nimeacha kazi ambayo wengine huiacha macho yakishaingia ukungu. Macho yangu hayana kasoro. Karatasi hii nimeichana mara nne kwa sababu mstari wa kwanza ulipanda juu kama njia ya mlevi. Hii ya tano nitaiacha ilivyo, hata mistari ikipanda.

Nilianza karne hii mpya ya Hijra ikiwa haijatimiza mwaka. Nilikwenda karakana ya Fundi Mwinyikondo, katika mtaa wa Dunda, nikiwa na kipande cha mti wa mfenesi mkononi. Nilikuwa nimekichonga kwa kisu cha kuondolea magamba ya samaki, nikiiga maua ya milango ya matajiri wa Bagamoyo. Fundi alikuwa mzee mwembamba, na kilemba chake alikifunga kwa namna ambayo hakuna mwingine mjini aliyeifunga: ncha moja aliiacha isimame juu ya sikio la kulia kama unyoya. Alikitazama kipande changu mbele na nyuma.

"Nani kakufundisha?"

"Nimejifundisha mwenyewe, Fundi."

"Basi mwambie mwalimu wako bado ana kazi."

Mkewe, Bi. Mwanakheri, alicheka akiwa kwenye dishi la kuoshea nguo mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka. Nililala siku tatu nikiyarudia maneno yale, nikitafuta kama yalikuwa mzaha au hukumu. Ndivyo nilivyo. Mtu akiniambia kazi yangu nzuri naisikia mara moja. Akiniambia ina dosari naisikia mwezi mzima.

Kazi yenyewe mnaijua, ila wengine watakaosoma huenda wasiijue. Wanawake wa pwani hii wamechoka na merikani tupu, pamba nyeupe isiyo na nakshi. Wanataka nguo yenye madoa, vikorosho na pindo jeusi. Mchongaji huchonga kibao, mpigaji chapa hukipaka wino wa masizi kwa mto wa kitambaa, hukibandika juu ya merikani iliyotandazwa kwenye meza yenye gunia chini yake, kisha hukigonga mgongoni kwa nyundo ya mti. Pigo moja, inua, sogeza, gonga tena. Mkono wa Fundi Mwinyikondo haukuwahi kuacha pengo kati ya doa na doa. Ungeitazama nguo yake ukadhani imefumwa hivyo.

Alinifundisha kusugua kibao kwa jani la msasa mpaka kiwe laini kama shavu. Alinifundisha kuchagua mfenesi uliokaushwa kivulini. Mengine alinisubiri niulize, nami sikuuliza. Hili nawaandikia waziwazi: kwa karibu miaka minne sikumwuliza yule mzee jambo hata moja ambalo lingeonyesha kwamba silijui. Nilichungulia, nikaiga, nikajaribu peke yangu, nikakosea peke yangu, nikachoma makosa yangu jikoni kabla hajayaona. Nilidhani huo ndio ustadi.

Halafu akaja Mholanzi.

Alikuwa mnunuzi wa sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti, mtu wa makamo mwenye homa isiyokwisha, amepanga chumba cha juu nyuma ya karakana yetu. Alitaka sanduku lenye kifuniko cha maua, nami nikampelekea. Akafurahi, akanifungulia bahasha ya ngozi iliyokuwa na picha za karatasi, kuukuu, kingo zimeliwa na wadudu. Alisema ni za mababu zake, za miaka mia mbili na zaidi.

Picha ya kwanza iliniduwaza. Bwana mmoja mnene, mwenye kola kubwa kama sahani, amekaa mezani anakula. Katika sinia yake mlikuwa na mji: nyumba, minara, daraja, hata watu wadogo wakikimbia huku na huku. Anaudokoa mji ule kwa uma wenye meno mawili. Chini ya meza, mbwa wake wamevaa kofia za mahakimu na wanagombea mabaki.

"Huyu mkubwa," Mholanzi akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota, "mgeni. Ametumwa na mfalme wa mbali. Anakula nchi yangu. Watu hawawezi kusema. Kusema, kichwa kinakatwa. Basi fundi anachonga. Picha inauzwa sokoni, kila mtu anabandika nyumbani, kila mtu anacheka."

"Na fundi?"

"Fundi haandiki jina." Akacheka, akakohoa. "Akiandika jina, anakimbia."

Nilirudi kwake kila alasiri kwa mwezi mzima. Nilijifunza jinsi wale watu walivyotengeneza giza kwa mistari tu, mstari juu ya mstari, mpaka shavu la mtu likaviringika. Nilijifunza jinsi walivyomfanya mkubwa awe mnyama bila kumtaja: mbwa mwitu mwenye taji, chura mwenye mkufu wa cheo. Katika picha moja niliona kikosi kizima cha askari wameshika panga kwa mkono wa kushoto. Nikamwuliza mbona wote ni mashoto. Akainua mabega. "Labda zamani sisi wote shoto," akasema. Yeye alikuwa mnunuzi wa sandarusi, hakuwa mchongaji. Mchongaji nilikuwa mimi, na jibu lilikuwa limelala mbele ya pua yangu.

Mwaka huo huo Akida Zahoro alifunga kisima cha Dunda.

Mliokuja mjini juzi mmekikuta kikiwa na mlango wake wa mbao na mnadhani kilizaliwa nao. Kilikuwa wazi. Kilichimbwa na watu wa mtaa kwa mikono yao. Msimu wa misafara ulipofika, wapagazi kutoka bara wakajaa mjini, na Akida, ambaye kazi yake ilikuwa kuusimamia mtaa, akaona ni vizuri kisima kiwe cha viongozi wa misafara, rafiki zake, waliomletea mbuzi na pembe. Akajenga ukuta, akatia mlango, akatia kufuli, ufunguo akauning'iniza shingoni. Wanawake wa Dunda wakaanza kwenda kuteka maji mbali, kwenye kidimbwi cha njia ya Kaole, maji yenye rangi ya chai. Bi. Mwanakheri alikuwa akienda mara mbili kwa siku, mtungi kichwani, akiwa na goti bovu, kwa sababu nguo ya chapa haiwezi kukaa bila kuoshwa. Mtoto wa jirani yetu aliharisha siku sita, akafa. Akida alikuja mazikoni. Alikaa mbele. Ufunguo ulikuwa shingoni.

Nikiandika hapa mstari unapanda. Sifuti.

Fundi Mwinyikondo alizunguka nyumba kwa nyumba, akakusanya wazee watano wa kwenda naye kwa Liwali, mkuu wa mji, siku ya Jumatatu. Wengi walimwambia wana wageni, au mguu unawauma. Watano walikubali. Mimi nikaamua kuwasaidia kwa njia ya Waholanzi.

Sikumwambia Fundi. Sababu moja ni kwamba kuchonga kiumbe chenye roho kwetu si jambo la mchezo, na angenikataza. Sababu ya kweli ni kwamba nilitaka aione ikiwa imekamilika, anyamaze, kisha aseme neno ambalo nilikuwa nimelisubiri tangu siku ya kwanza.

Nilichonga kwa siku kumi na moja, kwenye ubao mpana kama sinia. Kiboko wa mto Kingani, mnene, amekalia mdomo wa kisima kama kiti, ufunguo shingoni. Mbele yake sinia ya wali. Anakula kwa mkono wa kushoto, mdomo wazi, punje zinadondoka. Ng'ambo ya sinia amekaa mzee wa heshima, mgongo wima, kilemba chenye ncha juu ya sikio, anamega tonge dogo kwa mkono wa kulia kwa vidole vitatu. Nilitaka mtu yeyote wa pwani, hata asiyejua kusoma, aone mara moja: huyu hakufundwa, huyu kafundwa. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake, na hazifanyiki mbele ya chakula.

Alhamisi, Fundi alipokwenda kuwahimiza wazee wake, nilipiga vitambaa ishirini vya merikani. Nilivikagua kimoja kimoja, pua ikikaribia kugusa wino. Nilihesabu nyuzi za kilemba. Niliangalia kama punje za wali zimetengana. Katika kitambaa cha saba kulikuwa na tone la wino pembeni, nikakitupa. Nilitazama kila kitu kilichokuwa kidogo. Bi. Mwanakheri nilimwambia ni picha ya kumwaibisha Akida, akakubali kuvigawa. Nilimpa vikiwa vimekunjwa, wino ndani.

Asubuhi ya Ijumaa nilisimama sokoni karibu na meza ya mwuza pweza, moyo unanidunda kwa raha. Akakunjua kitambaa. Akakitazama. Akaita wenzake.

"Njooni mwone! Huyu si Mwinyikondo?"

"Ndiye. Ona kilemba."

"Mbona anakula na shoto?"

"Lo! Mzee mzima! Na kiboko yeye kala kwa kulia, kistaarabu kabisa, bismillahi imo."

"Kumbe ndiyo maana maji ya mtaa hayamtoshi, ana kazi kubwa ya kunawa!"

Walicheka wakapigana mabega. Nilimnyang'anya yule mtu kitambaa nikakitazama kwa mbali, mkono umenyooka, kama watazamavyo watu. Ndipo nikaona. Kiboko alikuwa anakula kwa mkono wa kulia. Fundi wangu alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto.

Mwenzangu unayeanza, umekwisha kuelewa, na huenda unanicheka. Kibao hugeuza. Kulia kwa ubao ni kushoto kwa nguo. Lakini miaka yote ile nilichonga madoa na mabano na vikorosho. Doa halina kulia, na korosho ikipinda huku au kule hakuna bibi harusi aliyewahi kurudisha nguo. Na wale askari wa Mholanzi wenye panga za kushoto walikuwa wamechongwa na mjinga kama mimi, aliyeiga picha ya mwenzake bila kuigeuza.

Nilizunguka soko nikiwaambia watu. "Ni kosa langu. Mchongaji ni mimi. Mzee hali hivyo." Mwuza pweza akanipigapiga bega.

"Tunajua, Sefu. Fundi tumekula naye mara ngapi? Lakini imependeza."

Imependeza! Watu ambao wake zao walikuwa njiani Kaole saa hiyo hiyo na mitungi kichwani. Mpaka leo nikipita pale nanunua samaki kwingine.

Jumatatu Fundi alikwenda kwa Liwali. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwonyesha kitambaa, mimi nikiwa wa kwanza kukosa. Nilisimama nyuma ya baraza. Alizungumza vizuri, bila kupandisha sauti, juu ya waliochimba kisima na juu ya mtoto aliyekufa. Alipomaliza, Akida Zahoro aliinuka akitabasamu, akachomoa kitambaa katika joho lake, akakikunjua kwa mikono miwili mbele ya watu wote.

"Naambiwa huyu kiboko ni mimi," akasema. "Nami nakubali. Kiboko mnyama mkubwa, amekaa mahali pake, anakula kwa adabu. Sasa mtazameni huyo mwingine. Picha imetoka karakana yake mwenyewe, wallahi, sikuichora mimi. Mzee Mwinyikondo, jifunze kwanza kula, kisha uje kudai maji."

Baraza lote liliangua kicheko. Liwali mwenyewe alifunika mdomo kwa ncha ya kilemba. Wale wazee watano waliokuja na Fundi walitazama chini, na mmoja wao, naapa, mabega yalikuwa yanamtikisika. Shauri likaahirishwa. Neno hilo mnalijua maana yake.

Fundi alirudi karakana akaketi. Akaniambia nilete kibao. Nikakileta. Alikipitisha kidole polepole, kwenye sinia, kwenye wali, kwenye mzee.

"Umechonga wewe?"

"Mimi, Fundi."

"Kilemba umekipata."

Nilianza kulia. Alinisubiri nimalize, kisha akanionyesha kwa kibao na kitambaa namna kitu kinavyogeuka, kama anavyoonyeshwa mtu wa siku ya kwanza.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Wewe huulizi, Sefu. Nilidhani unajua."

Tangu siku ile, kila alipoalikwa karamuni watu walimwangalia mkono. Hawakusema kitu. Walimwangalia tu akimega tonge la kwanza, kisha wakatazamana. Kufika mwezi akawa haendi tena. Bi. Mwanakheri alikuwa akimpelekea chakula ndani, yeye aliyekula barazani maisha yake yote na kumwita kila mpita njia.

Ndipo Akida aliponiita. Alikuwa na wageni wakubwa wanakuja, viongozi wa misafara, na alitaka awagawie vitambaa hamsini vya picha yake. Nilimwambia nitamchongea nyingine iliyo bora.

"Naitaka hiyo hiyo, na mzee akiwemo. Bila mzee haina ladha." Akaushika ufunguo shingoni, akauzungusha. "Nasikia nguo zenu haziko safi siku hizi. Nipigie hamsini, nami kisima nitakifungua kwa mtaa mzima, kila siku, alfajiri mpaka adhuhuri. Nitatamka mbele ya Liwali. Usiponipigia, basi kiendelee kufungwa, na watu wa Dunda nitawaambia ni nani aliyekataa."

Nilirudi nikawaeleza Fundi na mkewe. Nilikuwa na patasi mkononi. Nilisema nitakipasua kibao kile vipande viwili.

"Kipasue!" Bi. Mwanakheri akasema. "Mimi goti langu limekwisha kuizoea njia. Sitaki maji ya yule mtu. Mpelekee vipande, mwambie akapikie."

"Na wenzako?" Fundi akamwuliza.

"Wenzangu walicheka."

"Watoto wao hawakucheka."

Bi. Mwanakheri akarudi kwenye dishi lake. Fundi akainuka, akakung'uta kanzu, akatandaza gunia juu ya meza na kulinyoosha kwa viganja.

"Leta merikani," akaniambia.

Kisima kilifunguliwa keshokutwa yake, na kipo wazi mpaka leo, alfajiri mpaka adhuhuri. Watu wa Dunda humshukuru Akida. Nimewasikia kwa masikio yangu. Niliweka chini patasi zangu juma lile, nanyi mmekuwa mkiniuliza sababu kila tunapokutana, nami nikiwaambia macho.

Siku ile tulipiga chapa vitambaa hamsini. Nilitaka kugonga mimi, akanikataza. Mimi nipake wino, yeye agonge. Alibandika kibao akagonga, akainua, na kila mara akajiona yeye mwenyewe akitoka juu ya nguo, mgongo wima, akila kama mtu asiyefundwa. Hakugeuza uso hata mara moja. Nami nilikuwa nikipaka, na kitambaa cha hamsini kilipofika nikaupitisha mto wa wino juu ya kibao chote isipokuwa mahali pamoja, padogo kama ukucha. Nilitaka katika hamsini kiwepo kimoja kisichomwaibisha.

Akagonga. Akainua kibao. Akakitazama kitambaa kwa muda mrefu: kiboko mweusi, wali umetengana punje kwa punje, na mzee ambaye mkono wake wa kushoto haukutoka.

"Wino haujafika hapa," akasema, akiniwekea kidole.

"Kiache hicho, Fundi. Kimoja tu. Hawatajua."

"Sefu, kazi hii inatoka karakana yangu."

Alikiondoa, akatandaza merikani nyingine, akainyoosha kona kwa kona. Nikakipaka kibao wino upya, chote. Akagonga. Mkono ukatoka mweusi, vidole vyote vitano, bila doa.